Je, Nafsi Haifi? Uhakiki wa Hoja za Phaedo Mbele ya Tumaini la Ufufuo

1. Utangulizi

Huenda hakuna kitabu cha Wayunani wa kale kilichoingia katika mahubiri yetu ya maziko kwa kina kama Phaedo cha Plato. Wahubiri wengi hawajakisoma, na hata hivyo hukihubiri. Tunaposimama kando ya kaburi na kusema kwamba mwili ulikuwa nguo tu, kwamba nguo imechakaa na mwenyewe amehama, na kwamba kilichomo jenezani si yeye, tunasema maneno ambayo chimbuko lake ni gereza la Athene, mwaka 399 K.K. Waombolezaji hufarijika, wala hakuna anayeuliza kama ndivyo Kanisa linavyokiri. Lakini katika Imani ya Mitume tunakiri ufufuo wa mwili. Kutokufa kwa nafsi hakutajwi. Imani ya Nikea nayo yautazamia ufufuo wa wafu. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 17, lasema juu ya kurudi kwa Kristo na kufufuliwa kwa wafu wote. Basi ni halali kuuliza: tunapomzika Mkristo, tunategemea nini?

Katika makala hii tunakusudia mambo matatu. Kwanza, kuzipima hoja za Phaedo kwa haki, kama hoja za falsafa, bila kuzihukumu kabla ya kuzisikia. Pili, kuangalia jinsi hoja hizo zilivyopokewa na kukosolewa baadaye, hasa na Mendelssohn, Kant, Luther na Cullmann. Tatu, kuuliza mchungaji aseme nini makaburini ikiwa hoja hizo hazitoshi.

Neno moja juu ya istilahi. Neno la Kiyunani psyche, pamoja na mwenzake wa Kiebrania, limetafsiriwa katika Biblia yetu ya Kiswahili mara kwa “nafsi” na mara kwa “roho”, anayelinganisha Mwa. 2:7 na Mt. 10:28 katika Union Version ataona yote mawili. Hapa tutatumia “nafsi” kwa kile alichokijadili Plato, ili tusije tukamchanganya Roho wa Mungu na kitu tunachodhani kuwa ni mali yetu wenyewe.

2. Hoja za Socrates gerezani

Kisa chenyewe chajulikana. Socrates amehukumiwa kufa kwa sumu, na hukumu imecheleweshwa mpaka merikebu takatifu irudi kutoka Delos. Siku ya mwisho rafiki zake wanamkuta amefunguliwa minyororo. Phaedo wa Elis ndiye anayesimulia. Plato, kwa maelezo ya kitabu chenyewe, hakuwapo kwa sababu ya ugonjwa. Mapema katika mazungumzo kifo kinafasiliwa kuwa ni kutengana kwa nafsi na mwili. Msomaji wa Kiswahili ataitambua fasili hiyo mara moja, kwa kuwa kitenzi chetu “kufariki”, kilichotoka katika Kiarabu, asili yake ni kutengana. Ndipo Cebes wa Thebes anapotoa shaka yake: watu huogopa kwamba nafsi ikiisha kutoka mwilini hutawanyika kama pumzi au moshi. Hoja zote zinazofuata ni jibu la hofu hiyo.

Hoja ya kwanza yatokana na vitu vinavyopingana. Kikubwa hutokana na kilichokuwa kidogo. Aliye macho hutokana na aliyelala, na aliyelala na aliyekuwa macho. Vivyo hivyo, asema Socrates, wafu hutokana na walio hai, na walio hai hutokana na wafu. Isingekuwa hivyo, vitu vyote vingeishia katika mauti wala uhai usingebaki. Hoja hii ina kasoro mbili. Aliyelala na aliyeamka ni mtu yule yule, nasi twajua hivyo kwa kuwa tunamwona kitandani. Lakini kama yuko mtu yule yule baada ya kufa ndilo swali lenyewe, wala halijibiwi kwa kulichukulia kuwa limekwisha kujibiwa. Tena, uhai waweza kuendelea duniani bila mtu mmoja mmoja kurudi. Mgomba ukikatwa, chipukizi huinuka pembeni yake, na shamba halikosi migomba. Lakini mgomba uliokatwa haukurudi. Hoja ikikubaliwa yote, yathibitisha kuendelea kwa uhai kwa jumla. Mama aliyefiwa na mtoto wake haulizi habari za uhai kwa jumla.

Hoja ya pili ni ya ukumbusho. Tukiona vijiti viwili tunavyoviita sawa, twatambua kwamba usawa wake una upungufu. Basi lazima tulikwisha kuujua usawa wenyewe kabla ya kutumia macho, yaani kabla ya kuzaliwa. Tukiipokea hoja hii, yathibitisha kuwapo kwa nafsi kabla ya mwili tu. Simmias na Cebes wanayaona hayo papo hapo na kulalamika kwamba ni nusu ya kilichotakiwa. Kwa Mkristo hata hiyo nusu ni ghali mno, maana fundisho la nafsi kuishi kabla ya mwili, lililohusishwa na Origenes, lilikataliwa na Kanisa katika karne ya 6.

Hoja ya tatu ni ya mfanano. Vitu vinavyoonekana ni vya mchanganyiko, hubadilika na kuharibika. Visivyoonekana ni sahili, wala havibadiliki. Nafsi haionekani, hutawala, nayo huyajua mambo ya milele; basi yafanana zaidi na yasiyoharibika. Lakini kufanana na kitu si kuwa kitu hicho. Cebes ajibu kwa mfano wa mfumaji mzee: amefuma na kuchakaza nguo nyingi, akaziacha nyuma zote; lakini ile ya mwisho ilibaki yeye alipokufa. Huenda nafsi nayo yachosha miili mingi, kisha yafa. Simmias aleta pingamizi jingine, nalo ndilo zito zaidi kwa msomaji wa leo. Ulinganifu wa sauti za kinubi hauonekani, ni mzuri, wafanana na mambo ya kimungu kuliko mbao na nyuzi. Lakini kinubi kikivunjwa, ulinganifu hutoweka mara moja, hali mbao zingali zipo. Je, nafsi si ulinganifu wa namna hiyo?

Socrates ajibu kwamba ulinganifu hufuata chombo, lakini nafsi huutawala mwili na kuupinga, kama mwenye kiu anapojizuia asinywe. Jibu hili lina nguvu, wala tusilidharau. Hata hivyo leo twajua kwamba jeraha la ubongo laweza kubadili kumbukumbu, usemi na hata tabia ya mtu. Kujizuia kwenyewe kwaweza kudhoofika ubongo ukidhurika. Wachungaji wanaowatembelea wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau, kama ule unaoitwa Alzheimer, wamemwona mtu akipoteza majina ya watoto wake na hatimaye maneno ya Sala ya Bwana. Kinubi cha Simmias kimekuja kukaa katika ziara zetu za wagonjwa.

Hoja ya mwisho ndiyo Plato aliyoitegemea zaidi. Kuna vitu ambavyo daima huja na sifa fulani na haviwezi kupokea kinyume chake. Theluji haipokei joto ikabaki theluji. Tatu haiwi shufwa. Nafsi popote iingiapo huleta uhai. Kwa hiyo haiwezi kupokea kinyume cha uhai, yaani mauti. Isiyopokea mauti ni isiyokufa. Hapa ndipo panapohitaji macho makali. Kwamba hakuna “nafsi mfu”, kama vile hakuna moto baridi, twaweza kukubali. Lakini moto usioweza kuwa baridi waweza kuzimwa, na theluji isiyoweza kuwa ya moto yaweza kuyeyuka. Kutopokea kinyume si sawa na kutokoma. Strato wa Lampsacus alikwisha kulisema pingamizi hilo karne moja hivi baada ya Plato. Plato mwenyewe aliliona pengo, kwa maana amfanya Socrates kuuliza kama kisichokufa pia hakiharibiki. Lakini pengo lazibwa kwa kukubaliana tu, kwamba kama kisichokufa kingeharibika, hakuna kitu ambacho kisingeharibika. Simmias anabaki na mashaka kidogo, na Socrates amsifu kwa hayo, akiwahimiza wote wayachunguze tena yale waliyoanza nayo.

Kwa hiyo tunaona kwamba hakuna hata moja ya hoja hizi inayofikia mwisho wake. Na ni haki kuongeza kwamba kushindwa kwa hoja hakuthibitishi kinyume chake. Aliyeonyesha kwamba Plato hakuthibitisha kutokufa kwa nafsi hajathibitisha kwamba nafsi hufa. Wanafunzi wetu huruka hatua hiyo mara nyingi, na kutoka katika chumba cha falsafa wakidhani wamenyang'anywa kitu ambacho kwa kweli hakikuwa kimewekwa pale.

3. Mendelssohn na Kant

Mwaka 1767 Moses Mendelssohn, Myahudi wa Berlin, alitoa kitabu alichokiita Phädon, akiivisha hoja ya mfanano mavazi mapya. Nafsi, alisema, ni sahili, haina sehemu. Kwa hiyo haiwezi kuvunjika, maana kuvunjika ni kutengana kwa sehemu. Ikiisha, lazima iishe ghafula, kutoka kuwapo hadi kutokuwapo, na maumbile hayaruki namna hiyo. Immanuel Kant alijibu katika toleo la pili la Uhakiki wa Akili Tupu, mwaka 1787. Alikubali kwamba kisicho na sehemu hakiwezi kukatwa vipande. Lakini kitu chaweza kuwa na nguvu nyingi au chache, na nguvu yaweza kufifia hatua kwa hatua mpaka isiwepo. Utambi wa taa hufifia bila kuvunjika. Twaona Kant alishinda hapa, na tangu wakati huo hoja ya usahili wa nafsi haijapata tena heshima iliyokuwa nayo.

Lakini Kant hakuacha jambo hapo. Mwaka uliofuata, katika kitabu chake cha pili juu ya akili itendayo, aliirudisha nafsi isiyokufa kwa mlango mwingine. Sheria ya maadili yatudai utakatifu kamili. Hakuna mwanadamu anayeufikia katika maisha haya. Basi lazima pawepo maendeleo yasiyo na mwisho, na kwa ajili ya hayo nafsi idumu milele. Alikuwa mwaminifu kuliita wazo hilo dai la akili itendayo wala si uthibitisho. Hata hivyo Mlutheri hawezi kulipita bila kusimama. Uzima wa milele unaoelezwa hapa ni shule isiyo na siku ya kuhitimu. Mwenye dhambi yuko njiani daima, akikaribia lile asilolifikia kamwe. Injili yatangaza kwamba hukumu ya Mungu juu ya mwenye dhambi imekwisha kutamkwa katika Kristo, naye amehesabiwa haki sasa, kabla ya maendeleo yoyote. Anayemfariji mtu anayekufa kwa habari kwamba ana milele nzima ya kujirekebisha, amempa Sheria mahali pa Injili, tena katika saa ambayo haiwezi kabisa kubeba Sheria.

Kosa hilo lina mzizi wake katika Phaedo pia. Humo si nafsi zote zinazofika kwa miungu. Wanaofika ni wapendao hekima, waliojizoeza kujitenga na mwili. Wengine hurudi katika miili mingine, hata ya wanyama. Je, mtoto mchanga aliyekufa baada ya siku tatu alipata lini kujizoeza falsafa? Na yule mzee ambaye akili yake ilitangulia kuzima kabla ya mwili, ameokolewa kwa uwezo gani wa kuijua kweli? Wokovu uliojengwa juu ya uwezo wa nafsi huwaacha nje wale wale ambao Bwana wetu aliwaita kwanza.

4. Luther: asemaye na mwanadamu

Desemba 1513, Mtaguso wa Tano wa Laterano chini ya Papa Leo X uliwalaani wale waliofundisha kwamba nafsi hufa, ukawaagiza walimu wa falsafa kuzijibu hoja zao. Miaka mitatu baadaye Pietro Pomponazzi, mwalimu wa Bologna, alitoa kitabu akidai kwamba kwa akili ya kawaida kutokufa kwa nafsi hakuwezi kuthibitishwa, ingawa kwa imani alikubali. Kitabu chake kikachomwa huko Venisi. Mwishoni mwa mwaka 1520 Luther aliutaja uamuzi wa Laterano kwa kejeli pamoja na amri nyingine za papa. Wataalamu hubishana kama alikejeli fundisho lenyewe au tabia ya papa ya kutunga makala za imani. Kilicho wazi ni kwamba Luther hakuwa na haja ya kulilinda fundisho hilo kwa silaha za Aristotle. Katika barua yake kwa Amsdorf ya Januari 1522 alielekea kukubali kwamba wenye haki hulala mpaka siku ya mwisho. Mahali pengine aliwasema kama walio hai mbele za Mungu. Hakutunga mfumo, nasi tusimtungie.

Lakini katika mafundisho yake juu ya kitabu cha Mwanzo, aliyoyatoa kati ya mwaka 1535 na 1545, yumo Luther mwenye neno jipya. Kwa maana yake, yeyote ambaye Mungu amesema naye, iwe kwa ghadhabu au kwa neema, huyo hakika hafi. Kwa kuwa Nafsi ya Mungu asemaye na Neno lake vyaonyesha kwamba sisi ni viumbe ambao Mungu ataka kusema nao milele. Tazama jinsi hoja ilivyogeuzwa. Plato aliitazama nafsi, akatafuta ndani yake kitu kisichoweza kuvunjika. Luther amtazama Yeye asemaye. Kutokufa hakumo katika dutu ya mwanadamu. Kumo katika uaminifu wa Mungu ambaye hakatizi mazungumzo aliyoyaanza.

Hoja hiyo si ya Luther peke yake. Bwana wetu alipojibu Masadukayo (Mk. 12:26-27) hakutoa fundisho juu ya maumbile ya nafsi. Alitaja Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, akaonyesha kwamba Mungu hawezi kujiita kwa majina ya watu ambao amewapoteza. Na Maandiko hayasemi kwamba nafsi haiwezi kuangamizwa: Mt. 10:28 yatuonya tumwogope Yeye awezaye kuangamiza nafsi na mwili pia, na 1 Tim. 6:16 yampa Mungu peke yake hali ya kutokufa. Katika 1 Kor. 15:53 kutokufa ni vazi ambalo huyu afaye lazima avikwe. Na avikwaye hapo kwanza hakuwa nalo.

5. Cullmann na mipaka ya ukinzani wake

Katika karne ya 20 aliyeliweka jambo hili wazi zaidi ni Oscar Cullmann, Mlutheri wa Strasbourg aliyefundisha Agano Jipya huko Basel. Katika mhadhara wake wa mwaka 1955 pale Harvard aliuliza kama tumaini la Wakristo ni kutokufa kwa nafsi au ufufuo wa wafu, akaviweka vifo viwili kando kwa kando. Socrates anywa sumu kwa utulivu. Yesu pale Gethsemane afadhaika na kutoka jasho, na msalabani alia kwa sauti. Kwa Socrates kifo ni rafiki anayefungua gereza. Kwa Paulo kifo ni adui wa mwisho (1 Kor. 15:26). Kwa hiyo ufufuo ni tendo jipya la uumbaji, wala si matokeo ya maumbile.

Katika jambo hilo kuu twakubaliana na Cullmann. Mhubiri anayewaambia wafiwa wasilie, kwa kuwa hakuna kilichokufa, amewafundisha wamsikilize Socrates, ambaye aliwakemea rafiki zake kwa machozi, na kumsahau Yesu aliyelia kaburini pa Lazaro. Hata hivyo tuna mashaka matatu.

La kwanza, Socrates wa Plato si mtulivu kama Cullmann alivyomchora. Kitabu chenyewe chakiri kwamba ndani yetu yumo mtoto anayeogopa kifo kama zimwi, naye hana budi kuimbiwa kila siku mpaka hofu imtoke. Na baada ya masimulizi marefu juu ya safari ya nafsi, Socrates asema kwamba mwenye busara hatashikilia kuwa mambo yako hivyo hasa, bali kuamini namna hiyo ni hatari inayostahili kuthubutiwa. Huyo ni mtu anayetumaini bila ahadi, naye astahili heshima yetu.

La pili, mpaka kati ya Wayunani na Waebrania haukuwa mnyofu hivyo. Hekima ya Sulemani, kitabu cha Kiyahudi kilichoandikwa kwa Kiyunani, chasema juu ya nafsi za wenye haki baada ya kufa. Lakini hata humo usalama wao ni mkono wa Mungu unaowashika. Kwa upande mwingine, Masadukayo walikuwa Waebrania halisi nao waliukana ufufuo.

La tatu ndilo zito. Cullmann mwenyewe akubali kwamba waliokufa katika Kristo wako pamoja naye hata sasa, kwa namna ya usingizi, kwa kuwa Roho amekwisha kuugusa utu wa ndani. Ni lazima akubali, kwa sababu ya Lk. 23:43 na Flp. 1:23. Lakini basi, ni nani aliyelala? Wako waliojaribu kukwepa swali hili kwa kusema kwamba mtu hufa kabisa, mzima mzima, na Mungu humwumba upya siku ya mwisho. Hapo falsafa ina haki ya kuuliza: huyo aliyeumbwa upya ni yule yule, au ni mwingine aliyefanana naye? Mungu akimwumba mtu mwenye sura yangu na kumbukumbu zangu, nami nimekwisha kutoweka kabisa, mbona niseme kwamba nimefufuliwa mimi? Swali hili si mchezo wa chuoni. Mjane anayetumaini kumwona mumewe hatumaini kuonyeshwa nakala yake.

Hapa twaona kwamba Plato, ingawa hakuthibitisha, aliuliza vyema. Pasipo kitu kinachounganisha aliyekufa na atakayefufuka, neno “ufufuo” halina maana. Thomas wa Aquino alijibu kwamba nafsi hubaki, lakini akashikilia kwamba nafsi pekee si mtu kamili, na kwa hiyo pasipo ufufuo tumaini letu limekatika. Jibu hilo ni bora kuliko la Plato, wala hatuoni sababu ya Mlutheri kulikataa kwa haraka. Lakini twaona kwamba uzito haupaswi kuwekwa hapo. Kinachounganisha ni Mungu aliyemwita mtu kwa jina katika ubatizo na asiyeliacha jina hilo. Kama ataka kuihifadhi nafsi, ataihifadhi. Namna yake hatukufunuliwa. Ikihifadhiwa, yahifadhiwa kwa neema, kama vile ilivyoumbwa kwa neema.

Msomaji wa Kiafrika ana sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, kueleza hali ya waliokufa. Mfu anayekumbukwa kwa jina na walio hai yungali katika sasa. Akifa mtu wa mwisho aliyemjua, huzama polepole katika zamani. Katika fikra hiyo mtu hashikwi na dutu isiyovunjika. Anashikwa na kumbukumbu ya wengine. Twaona iko karibu na Biblia kuliko Phaedo. Udhaifu wake ni kwamba wakumbukao nao hufa. Injili yamtangaza Mmoja anayekumbuka na asiyekufa.

6. Mchungaji makaburini

Yatupasa sasa kusema yanayofuata katika kazi. Hatushauri kwamba mchungaji aligeuze kaburi kuwa darasa, na kumsahihisha bibi anayesema kwamba mumewe yuko mbinguni. Bibi huyo asema kweli kwa kadiri ya Flp. 1:23. Linalotakiwa ni kwamba mahubiri yenyewe yasimame juu ya msingi wake.

Mchungaji asiudharau mwili. Paulo naye aliutaja mwili kuwa hema (2 Kor. 5:1-4), lakini aliugua akitamani kuvikwa, hakutamani kubaki uchi. Crito alipomwuliza Socrates wamzike vipi, alijibiwa kwa mzaha kwamba wamzike wapendavyo, mradi waweze kumkamata. Katika nchi zetu hakuna anayejibu hivyo. Shauri juu ya mahali pa kumzika wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, lilishughulisha mahakama za Kenya kwa miezi kadhaa, hata akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Je, Socrates ana haki, au waliogombea mwili? Augustino, katika kijitabu chake juu ya kuwatunza wafu, alifundisha kwamba maziko ni wajibu wa ubinadamu na faraja kwa walio hai, hali Mungu hashindwi kumfufua mtu popote alipo. Hilo latuongoza vyema. Tunauosha mwili na kuuzika kwa heshima kwa kuwa Mungu ana neno nao bado. Wala hatugombani juu ya udongo, kwa kuwa Mungu hashindwi na udongo wo wote.

Tena mchungaji asiogope kukiita kifo kwa jina lake. Mtu amekufa, wala si nguo yake tu. Akisema hivyo, ndipo ufufuo utakapokuwa habari njema. Mtu ambaye hakufa hahitaji kufufuliwa, na Kristo aliyefufuka hana la kumtendea.

7. Hitimisho

Hoja za Phaedo zastahili kuendelea kusomwa na wanafunzi wa theolojia. Zafundisha kufikiri, zafundisha kukubali pingamizi la rafiki hata saa ya mwisho, na zauliza swali ambalo mahubiri hayana budi kulijibu. Lakini haziwezi kubeba jeneza. Kila moja, ikipimwa, yaishia katika jambo lililokubaliwa bila kuthibitishwa. Na kama ingethibitishwa, ingetupa nafsi isiyomhitaji Mungu ili iishi.

Lugha yetu imetuwekea maneno mawili karibu karibu. Tunasema mtu amefariki, yaani ametengana. Hapo tunasema pamoja na Plato, na kwa kadiri macho yaonavyo hatukosei. Kisha tunamwita marehemu, neno ambalo asili yake ni aliyerehemiwa. Neno hilo halitaji lolote lililomo ndani ya mtu. Lataja alilotendewa na Mwingine. Anayetaka kuhubiri maziko kwa Kiswahili aanzie hapo, kisha asome Rum. 8:38-39, ambapo mauti yatajwa ya kwanza katika orodha ya vitu visivyoweza kututenga na upendo wa Mungu ulio katika Kristo Yesu Bwana wetu.